Kuifunga Pampu ya Kiwandani Baada ya Matengenezo: Kiganja Kwanza, Geji Baadaye

Mzee aliyenifundisha kazi ya pampu hapa Jinja, Uganda, hakuwa mtu wa maneno mengi. Akija kukagua nilichofunga, alifuta mikono kwa kitambaa, akashika kaplingi, kiungo cha shafti ya pampu na ya mota, akaizungusha polepole raundi mbili tatu huku amefumba macho. Kisha alitamka neno moja: "Fungua," au "Endelea." Nimefanya kazi hii miaka ishirini na miwili sasa, kwenye viwanda vya sukari, vya samaki na kwenye mitambo ya maji kando ya ziwa, na bado sijapata kifaa kinachoniambia mapema kuliko kiganja changu. Kwa hiyo katika maelezo haya utakuta jambo moja linarudi kila mara: ukimaliza hatua, zungusha shafti, ule mhimili wa pampu, kwa mkono. Ukisubiri mpaka pampu yote imefungwa ndipo uzungushe, utajua kuna kasoro lakini hutajua iliingilia wapi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tunachozungumza karakana. Walukuba ninakoishi, jirani mmoja ni Msoga, wa pili Mluo, wa tatu ametoka Arua, na spana tunaombana kwa Kiswahili. Kijana anayeanza kazi hupewa kitabu cha Kiingereza chenye kurasa themanini, na akishindwa kuelewa anaona haya kuuliza. Nimemwandikia yeye.

Pampu ninayoizungumzia ni ile iliyojaa viwandani kwetu: imelala, maji yanaingia mbele na kutokea juu, impela moja (gurudumu linalosukuma maji), mwili wa chuma cha kasti, mota ya kilowati 30 inayozunguka kama raundi 1,470 kwa dakika. Kibao chake kinasema mita za ujazo 200 kwa saa, kimo cha mita 32, yaani urefu inaoyanyanyulia maji. Yako ikiwa kubwa au ndogo zaidi, namba zitabadilika na utazikuta kwenye kitabu chake. Mpangilio wa kazi ni huu huu.

Kufuli, meza na vipimo

Kwanza kufuli. Kila anayeigusa pampu aweke kufuli lake kwenye swichi kuu, na ufunguo ukae mfukoni mwake yeye, usikae mezani kwa msimamizi. Kisha bonyeza kitufe cha kuwasha uhakikishe kuwa umeme umekatika kweli. Valvu ya kuingiza maji na ya kutoa zifungwe na zitiwe mnyororo. Nimemwona mwenzangu akipoteza vidole viwili kwa sababu mtu wa zamu ya usiku alikuta pampu imesimama, akaiwasha. Tangu siku hiyo asiye na kufuli hagusi pampu yangu, hata kama ni meneja.

Meza isafishwe, itandikwe karatasi safi, vipuri vipangwe kwa mfuatano vitakavyoingia. Safisha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la murramu linaingia hadi ndani ya makabati, kwa hiyo mimi hufunga mlango wa karakana siku ya kuvisha beringi, hata joto liwe kali vipi. Punje moja ya vumbi hilo ndani ya beringi hufanya kazi ya msasa.

Sasa pima. Laza shafti kwenye vishikio viwili, weka dayali geji (kipimo cha sindano) sehemu ya sili, pale panapozuiwa maji yasivuje kando ya shafti, zungusha. Sindano isitembee zaidi ya 0.05 mm. Ikizidi, shafti imepinda, na hakuna ufundi wa mbele utakaoificha kasoro hiyo. Halafu pima kwa maikromita mahali pa kukaa beringi. Shafti ya mm 45 inatakiwa izidi 45 kwa mikroni chache tu, kama 2 hadi 13, ili beringi ikae kwa kubana. Ikiwa imeshalika na iko chini ya 45, beringi itazunguka juu yake. Nimekuta mafundi wakiitobolea shafti vidoti vya senta panchi ili beringi "ishike". Itashika wiki moja. Vidoti vile vikishalala, beringi inaanza kuchezacheza, sili inavuja, na lawama zinaangukia sili. Shafti iliyolika ipelekwe ikajazwe na kuchongwa upya na mtu mwenye lezi nzuri, au ibadilishwe.

Pengo kati ya impela na ringi yake kwenye mwili wa pampu lipimwe pia. Pampu ya ukubwa huu ikiwa mpya, tofauti ya vipenyo ni kama nusu milimita. Ikifika milimita moja badilisha ringi, maana maji uliyokwisha kuyasukuma yanarudi nyuma na unalipia umeme wa kuyazungusha bure. Mchanga wa ziwa hulipanua pengo hili polepole, bila kelele.

Beringi

Pampu yetu inachukua 6309: ndani mm 45, nje mm 100, unene mm 25. Usiitoe kwenye karatasi yake mpaka dakika ya kuivisha, na usiioshe yale mafuta yake ya kiwandani. Nunua kwa muuzaji anayekupa risiti na anayejulikana, kwa sababu boksi zuri siku hizi si ushahidi wa kilichomo.

Ipashwe moto, ivae yenyewe. Ukiwa na hita ya umeme ya beringi, vema. Sisi hutumia sufuria ya oili safi na wavu wa waya ndani yake, beringi ikae juu ya wavu isiguse chini, na kipimajoto kimezama pembeni. Nyuzi 90 hadi 100 zinatosha. Isipite 120, chuma chake kitaanza kulegea. Moto wa gesi usiufikirie kabisa, unachoma upande mmoja na mwingine unabaki baridi.

Hapa ndipo panapotaka wepesi. Vaa glavu safi, itoe beringi, isukume kwa mkupuo mmoja mpaka igonge bega la shafti, kisha ishikilie hapo. Usiiache. Inapopoa husinyaa na hujivuta kidogo kutoka begani, na ukiondoka mapema utaacha pengo la unywele ambalo baadaye litaisogeza impela mbele. Mimi huhesabu polepole hadi sitini nikiwa nimeisukuma, kisha naingiza karatasi nyembamba ya fila kati ya beringi na bega. Isipoingia popote, nimemaliza.

Kama ni lazima kugonga, tumia bomba linalokaa juu ya ringi ya ndani peke yake. Ukigonga ringi ya nje, nguvu inapitia kwenye gololi, nazo huacha alama kwenye njia yao. Macho hayazioni. Baada ya wiki tatu beringi inaanza kulia.

Grisi ijaze theluthi moja hadi nusu ya nafasi iliyopo, basi. Fundi mwenye huruma anayejaza mpaka inafurika anaipikia beringi joto. Kwa pampu ya oili, kiwango kiwe katikati ya kioo.

Funga vifuniko, zungusha kwa mkono. Shafti inatakiwa iteleze kimya na kusimama taratibu. Ukihisi vijiwe, kuna uchafu. Ikiwa nzito kwa usawa raundi nzima, beringi zimebanana, huenda kifuniko kinasukuma ringi ya nje. Ikiwa nyepesi kisha nzito mahali pamoja kila raundi, kuna kitu kimepinda au kimekaa upande. Jifunze tofauti hizo tatu kwa kiganja, ndizo utakazozihitaji mpaka mwisho wa kazi.

Sili, mahali pa kunawa mikono

Sili ya mekanika ina nyuso mbili, mara nyingi moja ya kaboni na nyingine ya seramiki au kabaidi, zilizosuguliwa hadi zimekuwa bapa kuliko kioo cha dirisha. Zinagusana, moja imesimama, nyingine inazunguka, na kati yao kuna utando wa maji mwembamba kuliko unywele. Utando huo ndio uhai wake.

Nilikuwa na mwanafunzi mwenye bidii sana. Siku moja alikuwa ametoka kula rolex, chapati iliyoviringwa na mayai, pale getini, akafuta mikono kwenye ovaroli, akaichukua sili mpya akiipangusa uso kwa kidole gumba ili aione inavyong'aa. Niliiinamisha kwenye mwanga wa dirisha nikamwonyesha: alama ya kidole, mistari yote, mafuta ya chapati juu ya kaboni. Hatukugombana. Tuliisafisha kwa spiriti na tishu laini, tukaiangalia tena kwenye mwanga, tukafunga. Leo yeye ndiye mkali kuliko sisi sote juu ya kunawa.

Basi: nawa, usiguse uso, safisha kwa spiriti, vaa. Oringi na mipira ipakwe maji ya sabuni ili iteleze. Usipake grisi ya kawaida kama hujui mpira ni wa aina gani, kwa sababu mpira wa aina ya EPDM ukiguswa na mafuta au grisi itokanayo na mafuta ghafi huvimba na kuharibika. Kingo kali za shafti na njia ya kii, kile kipande cha chuma kinachoishikilia impela isizunguke peke yake, zifunike kwa seloteipu kabla ya kupitisha mpira juu yake, la sivyo utaukata na hutauona ukikatika. Urefu wa kukaza springi uupime kwa rula ya vernia kama kitabu kinavyosema. Springi iliyobanwa mno inachoma nyuso, iliyolegea inaachia maji.

Kisha zungusha. Sasa utahisi uzito mdogo wa springi, laini, sawa kila upande.

Wenye pampu za zamani za pakingi, yaani ringi za kamba badala ya sili, kazi yenu ni nyingine kidogo. Toa pakingi yote ya zamani, hata ile ringi ya mwisho kabisa ambayo watu huiacha kwa uvivu. Kata mpya ukiizungusha kwenye shafti yenyewe au bomba la kipenyo kile kile, miisho kwa mshazari wa digrii 45. Ingiza moja moja, kila moja isukumwe hadi mwisho, na maungio yapishane kwa digrii 90. Ringi ya maji ya kupoza lazima ikae sawasawa na tundu la maji yake. Nati za glandi, kifuniko kinachoibana pakingi, zikazwe kwa vidole tu. Narudia, kwa vidole. Pakingi inatakiwa idondoshe matone, kwa pampu hii kama 40 hadi 60 kwa dakika, na maji hayo ndiyo yanayoipoza. Aliyekaza mpaka pakavu ameweka breki kwenye shafti, na breki hiyo itachimba mfereji kwenye slivu, ganda linaloikinga shafti, ndani ya siku chache.

Impela, gasketi, mwili

Kii iingie kwa kubana kidogo bila kugongwa sana, impela ivae, nati yake ikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Impela yenye kovu la mchanga au kipande kilichovunjika ipelekwe kusawazishwa mizani kwanza, isije ikatikisa ikizunguka.

Kuhusu gasketi nina neno. Gasketi ina kazi mbili, kuzuia maji na kuweka nafasi. Ukiondoa ya milimita moja ukaweka ya mbili kwa sababu ndiyo uliyoipata Katwe, Kampala, jioni ile, umeisogeza impela milimita moja kutoka mahali pake. Pima ya zamani penye unene usiobanwa sana, au soma kitabu, na ukate ya unene ule ule. Nyuso zikwanguliwe kwa kikwangua, zisipigwe diski ya grainda.

Bolti zikazwe kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini, ya kulia kisha ya kushoto, kwa awamu tatu: theluthi ya nguvu, theluthi mbili, kisha nguvu kamili. Na kila awamu zungusha shafti. Nimeshagundua impela iliyokuwa ikigusa mwili kwa njia hii. Awamu ya kwanza ilizunguka vizuri, ya pili ikasema "shhh" upande mmoja. Nikalegeza, nikakuta kipande cha gasketi ya zamani kimebaki kwenye kona. Kama ningekaza zote kwa mara moja, ningeisikia sauti ile siku ya kuwasha, kwa raundi 1,470.

Mabomba kwanza, kaplingi baadaye

Flenji za bomba zikutane na za pampu kwa mkono. Zikiwa zimeachana sentimita moja, usizivute kwa mnyororo wa kunyanyulia, rekebisha bomba. Kujua kama bomba linaivuta pampu ni rahisi: funga dayali geji kwenye kaplingi kabla ya kukaza flenji, kaza huku mwenzako akiangalia sindano. Ikitembea zaidi ya 0.05 mm, bomba linavuta, na beringi zako mpya zitaubeba mzigo huo usiku na mchana.

Baada ya hapo ndipo unapanga mota na pampu katika mstari mmoja. Anza na miguu ya mota. Legeza bolti ya mguu mmoja huku dayali ikiwa juu yake. Ukinyanyuka zaidi ya 0.05 mm, mguu huo haujakaa, uwekee shimu, vibati vyembamba vya kuunyanyua. Fanya yote minne. Tumia shimu za chuma kisichoshika kutu, zisizidi tatu au nne chini ya mguu mmoja. Vipande vya kopo la soda, ambavyo nimevitoa chini ya mota nyingi mno, hukunjamana na kukonda, na baada ya mwezi mpangilio umekwisha.

Kisha funga dayali kwenye kaplingi ya pampu, sindano iguse mgongo wa kaplingi ya mota, iweke sifuri juu, na zungusha zote mbili kwa pamoja hadi chini. Chukua mfano: unasoma +0.40 chini. Gawa kwa mbili, mota iko chini kwa 0.20, ongeza shimu za 0.20 kwenye miguu yote minne. Ukisoma −0.40, iko juu kwa kiasi hicho, punguza. Soma na uso wa kaplingi ujue kama mota imeinama, na hilo lirekebishe kabla ya kimo. Pembeni isogeze kwa bolti za kusukumia, nyundo iache. Sisi huachia tukifika chini ya 0.05 mm kwa kimo na pembeni. Kaplingi ya mpira husamehe zaidi ya hapo, beringi na sili hazisamehi.

Rula juu ya kaplingi na jicho moja limefumbwa inafaa kuanzia tu.

Mshale

Kabla ya kuunganisha kaplingi, mwachie fundi umeme apime mota kwa mega ya volti 500, kifaa kinachoonyesha kama umeme unavuja ndani ya mota. Megaomu moja ndiyo kanuni ya zamani ya kiwango cha chini. Mimi nikikuta chini ya 5 naomba mota ikaushwe kwanza, hasa baada ya mvua za Aprili. Halafu, kaplingi ikiwa bado imeachana, kila mtu asogee pembeni, makufuli yatoke, mota iwashwe kidogo tu: washa, zima. Tazama feni yake inazunguka upande gani, linganisha na mshale kwenye mwili wa pampu. Ikiwa kinyume, badilishana fezi mbili kati ya tatu.

Dakika tano. Kwenye kiwanda kimoja tuliziruka dakika hizo. Tulipokuwa tukiitengeneza pampu, kebo ya mota ilikuwa imebadilishwa kwa dharura, na hakuna aliyetuambia wala sisi hatukuuliza. Tulifunga kila kitu vizuri, tukawasha, maji yakaja. Lakini geji ambayo valvu ikiwa imefungwa ilitakiwa kusoma karibu bar 3.7 ilisimama kwenye 2. Tukailaumu impela. Tukafungua, tukapima, tukafunga. Bar 2. Tukailaumu ringi, tukaagiza nyingine, ikaja na basi kutoka Nairobi kupitia Busia, tukafunga. Bar 2. Siku ya tatu yule mzee alifika, akasimama nyuma ya mota akitazama feni, kisha akainama akausugua uchafu juu ya mshale kwa kidole chake. Hakusema kitu. Hakukuwa na haja.

Kilichotudanganya ni hiki: pampu ya namna hii ikizunguka kinyume bado inasukuma maji mbele, ila kidogo na kwa nguvu ndogo. Watu wanadhani itanyonya kurudi nyuma, hivyo wakiona maji yanatoka wanaridhika. Na kama impela yako imefungwa kwa nyuzi za skrubu kwenye shafti, kuzunguka kinyume kunaweza kuifungua ikagonga mwili. Usiku ule wa tatu nilipaka rangi nyekundu kwenye mishale yote ya kiwanda.

Mwelekeo ukiwa sawa, rudisha makufuli, unganisha kaplingi, funga kinga yake, na zungusha mara ya mwisho kwa mkono kupitia nafasi iliyobaki au kwa feni ya mota.

Maji kabla ya umeme

Pampu hii haiwezi kunyonya hewa. Sili ikizunguka bila maji inaungua kwa sekunde chache tu. Fungua valvu ya kuingiza yote, jaza maji, legeza kijibomba cha hewa kilicho juu mpaka maji yatoke bila kutema mapovu. Zungusha shafti nusu raundi, hewa iliyojificha kwenye impela itoke, subiri tena. Kama pampu yako iko juu ya maji na inategemea valvu ya miguu, ile iliyo mwisho wa bomba la kunyonyea inayozuia maji yasirudi, jaza kisha subiri dakika kumi. Maji yakishuka, valvu hiyo inavuja, irekebishe kwanza.

Na hapa kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa pwani ya Ulaya havitakukumbusha. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Uzito wa hewa ndio unaoyasukuma maji kupanda kwenye bomba la kunyonya. Mombasa hewa ina nguvu ya kunyanyua maji mita 10.3, hapa Jinja ni kama mita 9. Umepoteza mita moja na zaidi kabla hujaanza, na bado hujaondoa msuguano wa bomba. Kwenye maji ya moto ya kiwanda cha sukari, tuseme nyuzi 70, mvuke wake wenyewe unakula mita nyingine 3 na ushee. Ndiyo maana pampu iliyofanya kazi vizuri kwingine ikiletwa huku inaanza kulia kama inasaga kokoto. Sauti hiyo ni mapovu yanayopasuka kwenye impela, na yanaitoboa. Dawa ni kushusha pampu karibu na maji, kupanua bomba la kunyonyea, kusafisha chujio. Sisi wa kando ya ziwa chujio ni ugonjwa wa kila siku, kwa sababu ya magugu maji. Aprili 2020 kisiwa kizima kinachoelea kiliziba mitambo ya bwawa la Nalubaale hapa hapa Jinja, na nchi nzima ikakaa gizani. Chujio lako ni dogo kuliko bwawa lile.

Kuwasha na kusoma

Valvu ya kutoa iwe imefungwa au imefunguliwa kidogo tu. Pampu ya namna hii hula umeme mdogo valvu ikiwa imefungwa, kwa hiyo mota inaanza kwa urahisi. Washa. Ndani ya sekunde chache soma geji, inatakiwa ikaribie ile 3.7, kisha fungua valvu taratibu. Usiiache imefungwa zaidi ya dakika moja, maji yaliyomo ndani yatachemka.

Ikiwa sauti si ya kawaida, zima. Usisubiri "labda itatulia".

Ikienda vizuri, fungua mpaka ifike kazini na usome geji zote mbili. Mfano wa pampu yetu: ya kutoa inasoma 2.8, ya kuingiza inasoma −0.3 kwa sababu inanyonya kutoka chini. Tofauti yake ni bar 3.1. Zidisha kwa 10.2, yaani mita za maji kwa kila bar, unapata mita 31.6. Kibao kinasema 32. Hapo pampu imerudi. Anayesoma geji ya kutoa peke yake atadhani ina upungufu na ataifungua bure.

Ampia zipimwe fezi zote tatu. Mota hii kwa volti 415 imeandikwa kama ampia 53, na kwa kazi hii tunategemea kama 42 au 43. Ukikuta 50 wakati mtiririko ni ule ule, kitu kinasugua. Ukikuta fezi moja imeachana sana na wenzake, pima volti kwanza, hasa jioni mji mzima unapowasha taa na majiko, kabla ya kuilaumu pampu.

Kwa beringi, mimi huandika joto kila dakika kumi na tano kwa saa mbili. Litapanda, kisha litatulia. Nyuzi 55, 60, 65 hazinisumbui. Linalopanda bila kutulia linanisumbua hata likiwa bado 60. Juu ya 80 nazima. Mtikisiko chini ya mm 3 kwa sekunde nafurahi, ukipita 5 nazima na kurudi kwenye kaplingi. Kama hakuna kifaa cha mtikisiko, simamisha sarafu ya shilingi 500 kwa ukingo wake juu ya nyumba ya beringi. Kipimo hicho hakina namba, lakini ikikataa kusimama kabisa unajua pa kuanzia.

Wenye pakingi, sasa ndipo mnakaza, pampu ikiwa inazunguka. Kila nati robo raundi au chini yake, zote mbili sawa, kisha subiri dakika kumi na tano. Rudia mpaka mfikie matone yenu. Kazi hii inaweza kula asubuhi nzima na haina njia ya mkato.

Kesho yake asubuhi narudi kabla ya chai. Naizima, naweka kufuli langu. Kama pampu inasukuma maji ya moto, napima mpangilio wa kaplingi tena ikiwa bado na joto, maana chuma kilichopata moto kimejinyoosha. Nakaza bolti za besi. Naangalia chini ya sili kama pamelowa. Kisha namwita kijana aliye zamu, namwambia aweke kiganja kwenye kaplingi, azungushe na kuniambia anachohisi, kabla sijaandika kwenye daftari: tarehe, saa, 2.8, −0.3, ampia 43, 42, 43, nyuzi 61.